Maswali mnayouliza sana kuhusu jua, ngozi na kansa ya ngozi

Haya maswali yanajirudia kila siku, leo anauliza huyu kesho anauliza yule lile lile, kwahiyo nimeyaweka sehemu moja. Mengine nimeyajibu kwa kirefu, mengine kifupi tu kwa sababu hayana maneno mengi. Kama una kidonda kisichopona au doa linalobadilika usisubiri umalize kusoma, nenda hospitali kwanza, haya yatakukuta hapa hapa.

Mimi ni mweusi, nina haja gani ya kujikinga na jua?

Unayo haja, ila sio sawasawa na ya mzungu, na hapa ndo watu wengi wanachanganywa. Rangi yetu, ile melanini, inazuia sehemu ya mionzi, na ngozi nyeusi sana inakadiriwa kumpa mtu kinga ya kama SPF 13 hivi (SPF ni kipimo cha losheni inavyozuia mionzi ya jua, nitakieleza mbele) wakati ngozi nyeupe inampa kama 3. Sasa 13 sio kidogo lakini pia sio ngao ya kuzurura nayo juani mchana kutwa. Mabaka ya usoni, mikunjo ya mapema, rangi kutolingana, vyote hivyo jua linatuletea na sisi.

Kansa ya ngozi kwa mtu mweusi ni chache sana ukilinganisha na mweupe, nisikudanganye. Ishu ni kwamba ikitokea inagundulika imeshachelewa, manake mgonjwa mwenyewe hakuiwaza na wakati mwingine hata aliyempokea mara ya kwanza hospitali hakuiwaza. Afu inapenda kutokea sehemu ambazo jua hata halifiki: nyayo, viganja, chini ya kucha. Bob Marley alikuwa nayo chini ya kucha ya kidole cha mguu, mwanzo ikadhaniwa ni jeraha la mpira, ikaja kujulikana ni melanoma, yaani kansa ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, mwaka 1977, na akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36 tu.

Na hiyo aina ya kwake haisababishwi na jua. Hata angejipaka losheni ya kuzuia jua kila asubuhi isingemsaidia, kilichohitajika ni mtu kuitambua mapema. Ndo maana mimi mtu mweusi akiniuliza aanze na nini huwa namwambia aanze kuangalia nyayo zake, losheni itafuata. Kitu kingine ni makovu ya kuungua moto na vidonda sugu vya miaka mingi, hasa miguuni. Kansa inaweza kuota humo humo kwenye kovu, na mtu anaendelea kusafisha na kufunga bandeji akijua ni kidonda chake kile kile cha siku zote.

Jua linaharibuje ngozi hasa?

Joto halihusiki sana, mharibifu ni mionzi ya UV, ambayo huioni wala huisikii. Inayotufikia ni ya aina mbili. UVB ndo inayounguza, na inapiga moja kwa moja kwenye DNA ya seli za ngozi. UVA inazama chini zaidi, inavunja zile nyuzi zinazoikaza ngozi, ndo unaanza kuona mikunjo, na yenyewe pia inachangia kansa. Mwili unajitengeneza kila siku lakini haumalizi vyote, vinavyobaki vinajikusanya mwaka hadi mwaka, afu siku moja seli inaanza kujigawa bila breki. Shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya WHO lilishaweka mwanga wa jua kwenye kundi la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu tangu 1992, na vile vitanda vya taa za UV vya kujibabua ngozi navyo vikaingia kundi hilo hilo 2009.

Kukiwa na mawingu si salama?

Hapana. Wingu jepesi linaweza kupitisha mpaka asilimia 80 ya UV. Unahisi baridi, unavua kofia, unakaa nje masaa matatu, jioni uso unawaka. Mlimani ni vivyo hivyo, kila unapopanda mita 1,000 UV inaongezeka kama asilimia 10 hata kama unatetemeka kwa baridi. Mchanga na maji navyo vinairudisha juu, kwahiyo kukaa chini ya mwavuli ufukweni kunasaidia ila hakumalizi kazi.

Saa ngapi jua ni baya zaidi?

Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi alasiri, na kilele ni mchana pale jua likiwa utosini. Kama huna saa angalia kivuli chako, kikiwa kifupi kuliko wewe mwenyewe basi jua hilo ni kali, jifiche. App nyingi za hali ya hewa zinaonyesha namba ya UV, ikifika 3 anza kujikinga, ikifika 8 ni kali sana, ikifika 11 kama huna shida ya lazima nje bora ubaki ndani.

Ninunue losheni gani ya kuanzia?

Ngoja kidogo. Mbona kila mtu anaanzia kwenye losheni? Losheni ni ya tatu. Cha kwanza kivuli, cha pili nguo na kofia, afu ndo losheni ipakwe sehemu ambazo nguo haijafika. Australia, moja ya nchi zinazoongoza duniani kwa kansa ya ngozi, walipoanzisha kampeni yao maarufu mwaka 1981 ujumbe ulikuwa vaa shati, paka losheni, weka kofia, na shati lilitajwa la kwanza. Nguo haitoki na jasho, haihitaji kurudiwa kila baada ya masaa mawili, na ukiivaa imekaa.

Ila nguo nazo zinatofautiana. Ishike shati lako lielekeze kwenye taa au dirishani, ukiona mwanga unapenya kwenye nyuzi ujue na UV inapita. Tisheti nyeupe nyepesi ya pamba haikingi kivile, na ikilowa ndo inazidi kupitisha. Kitambaa kilichofumwa kwa kubanana, rangi iliyokolea, kikae kwa kulegea mwilini, mikono mirefu, hapo umemaliza. Jinzi iko vizuri sana kwa hili.

Kofia nayo: kepu inakinga paji na pua basi, masikio na kisogo umeviacha juani. Sasa masikio ni moja ya sehemu ambazo kansa inapenda kutokea, na hakuna anayeyakumbuka. Tafuta kofia yenye ukingo wa kuzunguka pande zote, angalau sentimita 7 na nusu. Kama ni fundi, mkulima, dereva wa pikipiki au unauza vitu juani na kofia pana inakusumbua, weka kitambaa kinachoshuka shingoni chini ya kepu au helmeti, itakusaidia kuliko losheni ya bei mbaya utakayopaka siku mbili ikaisha.

SPF ni nini, na nichukue namba ngapi?

Inaonyesha losheni inavyozuia UVB. Ya 15 inazuia kama asilimia 93, ya 30 asilimia 97, ya 50 asilimia 98. Umeona? Kutoka 30 kwenda 50 tofauti ni asilimia moja, kwahiyo usijinyime hela ya matumizi kisa unatafuta namba kubwa. Chukua 30 au zaidi, ila hakikisha imeandikwa inazuia UVA pia, huwa kuna herufi UVA ndani ya kiduara au neno "broad spectrum". Isiyo na hayo inakuzuia usiungue huku uharibifu wa chini unaendelea, na hiyo ni mbaya kwa sababu unajiona uko salama unakaa juani muda mrefu zaidi.

Napaka kila siku lakini bado naungua, kwanini?

Unapaka kidogo. Karibu kila mtu anapaka kidogo, na ukipaka nusu ya kipimo ile 30 uliyolipia haupati 30. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili, unaiminya kutoka mzizi wa kidole mpaka nchani, kidole cha shahada na cha kati. Ukiiona mara ya kwanza utasema hii ni nyingi mno, ndo hiyo hiyo. Mwili mzima wa mtu mzima unataka mililita 35 hivi, sasa piga hesabu mwenyewe, chupa ya mililita 100 haitoshi hata mara tatu. Ndo nikasema anza na nguo!

Paka robo saa au nusu saa kabla hujatoka, rudia kila masaa mawili ukiwa nje, na ukiogelea au ukitoka jasho ukajifuta rudia hapo hapo hata kama masaa hayajafika. Usisahau masikio, nyuma ya shingo, juu ya miguu kama umevaa sendozi, upara kama unao, na mstari wa nywele kwa mliosuka. Midomo pia, tena mdomo wa chini ndo unaopigwa zaidi, tumia ya mdomo yenye SPF.

Losheni zinaniacha kama nimepakwa majivu, nifanyeje?

Hizo ni zile za madini, zenye zinki oksaidi au titani dioksaidi, zinakaa juu ya ngozi na kwa mweusi zinaonekana. Una njia mbili. Tafuta zenye vichujio vya kemikali, yaani vinavyonyonya mionzi, nyingi zinapotea kabisa ukipaka, au tafuta ya madini iliyotiwa rangi ya kahawia. Hiyo ya rangi ina faida nyingine, ile oksaidi ya chuma inayoipa rangi inazuia hata mwanga wa kawaida, ambao kwetu sisi weusi unachochea mabaka ya usoni. Kama mabaka ndo yanakusumbua, hiyo ndo yako.

Si nasikia losheni zenyewe zina kemikali zinaleta kansa?

Hofu hii inazunguka sana mitandaoni. Ni kweli baadhi ya vichujio vya kemikali vinaingia kwenye damu, Wamarekani walipima wakaviona 2019, lakini kuonekana kwenye damu sio ushahidi kwamba vinadhuru, na waliopima wenyewe walisema watu wasiache kupaka. Upande wa pili kuna utafiti wa Nambour huko Australia ulioanza 1992, watu zaidi ya 1,600, nusu wakaambiwa wapake kila siku na nusu waendelee na mazoea yao. Baada ya miaka minne na nusu kansa ya seli za skwamasi (zile za tabaka la juu la ngozi) ilikuwa imepungua kwa kama asilimia 40 kwa wale wa kila siku, na walipofuatiliwa miaka mingine kumi melanoma zilikuwa kama nusu ya zile za wenzao. Kama bado una wasiwasi tumia ya madini, hiyo haizami. Au vaa shati, nimeshasema.

Mwanangu ana ualbino, nianzie wapi?

Anza leo, hata kama bado yuko mgongoni. Mwenye ualbino hana ile melanini ya kumkinga, na kwenye nchi zenye jua kali ngozi inaanza kuonyesha madhara utotoni kabisa, wengine wanapata kansa wakiwa bado vijana, mara nyingi ya seli za skwamasi, kichwani na shingoni. Lakini hii ni kansa inayozuilika, na mtoto aliyekingwa tangu mdogo anakua vizuri tu na ngozi yake nzuri.

Kofia pana, mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, soksi, losheni ya 30 kwenda juu kila asubuhi, na akae kivulini au ndani mchana. Ongea na mwalimu wake mapema: avae kofia na mikono mirefu hata kama sio sare, michezo na kazi za nje apangiwe asubuhi sana, akae mbele asome ubao vizuri lakini asiwekwe kwenye dirisha linaloingiza jua. Miwani yenye kinga ya UV nayo muhimu. Usiruhusu watu wamwambie losheni ni urembo, kwake ni dawa.

Kila baada ya miezi kama sita aonwe na mtu anayejua ngozi. Nyumbani mpitishie vidole usoni, masikioni, mikononi. Vile vigaga vikavu vinavyokwaruza kama msasa mara nyingi unavihisi kwa kidole kabla macho hayajaviona, na vikiwa bado hivyo vinagandishwa kwa baridi kali kliniki, dakika chache, mnarudi nyumbani. Mdomo wa chini ukiwa unapasuka na kukauka usipone, peleka.

Mtoto mchanga apakwe losheni?

Chini ya miezi sita hapana, mweke kivulini na mvishe. Baada ya hapo sawa, ila nguo kwanza.

Natumia krimu za kung'arisha, kuna shida?

Kubwa. Mkorogo unaondoa ile kinga uliyozaliwa nayo afu unatoka nayo juani hivyo hivyo. Nyingi zina haidrokwinoni (kemikali ya kufubaza rangi ya ngozi), zebaki au steroidi kali, na steroidi inaifanya ngozi iwe nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Sikuhukumu, ila usikatishe ghafla kama umetumia muda mrefu, ngozi inaweza kulipuka ukadhani krimu ilikuwa inakusaidia ukarudia. Muone daktari wa ngozi akushushe taratibu.

Kuna dawa zinazofanya jua liniunguze zaidi?

Zipo, na watu hawaambiwi. Doksisaiklini ambayo wengi wanameza kwa maambukizi au kuzuia malaria, haidroklorothiazaidi ya presha, krimu za chunusi zenye retinoidi. Usiache dawa ya presha kisa umesoma hapa! Jikinge tu zaidi na umuulize aliyekuandikia. Wanaomeza dawa za kushusha kinga baada ya kupandikizwa figo, na wanaoishi na VVU, hatari yao ya kansa ya ngozi iko juu kuliko ya wengine, kwahiyo wao wakaguliwe mara kwa mara.

Nikiwa kwenye gari si niko salama?

Nusu nusu. Kioo kinazuia UVB ndo maana huungui, lakini UVA inapita vioo vya pembeni. Kuna picha ilitolewa 2012 kwenye jarida la New England Journal of Medicine, dereva wa gari la mizigo wa miaka 69, miaka 28 kwenye usukani, upande wa kushoto wa uso uliokuwa dirishani umekunjamana na kuning'inia, wa kulia ni wa mtu mwenye umri mdogo zaidi. Ukiiona hutaisahau. Madereva vaeni mikono mirefu, pakeni upande wa dirisha.

Nikijikinga sana si nitakosa vitamini D?

Kwa matumizi ya kawaida hapana, kwa sababu hakuna anayepaka kikamilifu hivyo na jua la dakika chache mikononi linaingia tu. Mwenye ualbino au anayejifunika mwili mzima apimwe, ikipungua kuna vidonge.

Nitajuaje doa langu ni kansa?

Kwa macho yako huwezi kujua kwa uhakika, ila unaweza kujua lipi la kupeleka. Lenye nusu moja isiyofanana na nyingine, kingo zilizochanika chanika, rangi zaidi ya moja, upana unaozidi milimita 6, na kubwa kuliko yote ni mabadiliko: lilikuwa hivi sasa liko vile. Lipige picha leo ukiweka rula pembeni, ulinganishe mwezi ujao, kumbukumbu ya kichwani inadanganya.

Kansa zisizo za melanoma hazifanani na doa. Ile ya seli za basali inaweza kuwa kinundu chenye kung'aa, kinatoka damu, kinaweka kigaga, kigaga kinadondoka, unasema kimepona, wiki mbili kinarudi. Ya skwamasi ni ngumu, ina magamba, au ni kidonda chenye kingo zilizoinuka. Kanuni yangu: chochote kisichopona wiki nne peleka, hata kama hakiumi. Kutouma ndo kunawaponza wengi.

Kwenye kucha, mistari myeusi kwa watu weusi ni ya kawaida, hasa ikiwa kwenye kucha kadhaa na imekaa hivyo miaka. Wasiwasi uanze ukiwa mmoja, kwenye kucha moja, unapanuka, au weusi umemwagika mpaka kwenye ngozi ya pembeni ya kucha. Hiyo usisubiri. Na nyayo ziangalie baada ya kuoga, kaa kwenye mwanga, geuza mguu, tenganisha vidole kimoja kimoja. Mgongo na kichwani mwambie mtu akuangalizie, msusi wako anaona kichwa chako kuliko wewe.

Hospitali watanifanya nini?

Watakukagua, wakihisi kitu watakuchoma ganzi na kukata kinyama kidogo kipelekwe maabara. Wengi wanaogopa hapo, wameambiwa kansa ikiguswa na kisu inasambaa, na kwa ajili ya hayo maneno mtu anakaa mwaka mzima nyumbani. Sio kweli. Bila hicho kinyama hakuna atakayejua ni nini wala akutibu nini.

Inatibika? Inaambukiza?

Haiambukizi. Ikiwahiwa inatibika, nyingi kwa upasuaji mdogo tu unarudi kwako siku hiyo hiyo. Melanoma iliyosambaa ni ngumu, ingawa tangu 2011 kumekuwa na dawa za kuamsha kinga ya mwili ambazo zimewaongezea watu miaka.

Nimeshaungua na jua, nipake nini?

Maji ya baridi ya kawaida, sio barafu. Losheni laini isiyo na marashi au aloe vera, maji ya kunywa mengi, paracetamol kama inauma. Malengelenge usiyapasue, dawa ya meno usipake. Wekundu unaendelea kupanda mpaka siku nzima baadaye, kwahiyo usishangae kesho ikawa mbaya zaidi. Homa, kutapika, kizunguzungu au malengelenge mengi, hospitali.

Mafuta ya nazi yanatosha?

Hayatoshi. Yanalainisha tu.

Losheni yangu ya mwaka jana bado inafaa?

Angalia tarehe. Kama haijapita lakini ilikaa kwenye dashibodi ya gari au dirishani, imejitenga maji huku mafuta kule, au inanuka tofauti, tupa. Iweke kivulini, na ukienda nayo nje izungushie taulo.